Miche Haiinuki: Kutafuta Chanzo Pale Kulungu Wanaposhukiwa Msituni

Malalamiko ni yale yale kila mwaka. Mmoja alipanda mialoni, akarudi baada ya majira ya baridi akakuta vijiti vitupu. Mwingine ana miberoshi mikubwa inayoangusha mbegu, lakini chini yake hakuna mche unaofika magotini. Wa tatu amewinda miaka mitatu mfululizo na haoni badiliko. Wote huishia kuuliza kama kulungu wamekuwa wengi mno. Mimi huwarudishia swali: wengi mno kwa msitu gani? Eneo linalokusudiwa kubaki la msprusi (mti wa jamii ya msonobari) mtupu linaweza kuvumilia kundi ambalo lingemaliza mialoni yote katika misimu miwili.

Hapo ndipo tabianchi inapoingia. Ukame ulioanza 2018 uliangusha misprusi (Picea abies) kote Ulaya ya Kati. Ujerumani pekee ilipoteza takriban hekta 500,000 za msitu kati ya Januari 2018 na Aprili 2021. Msprusi una mizizi ya juujuu, na mbawakawa wa magome (Ips typographus) akipata kiangazi kirefu anaweza kuzaa vizazi vitatu kwa mwaka mmoja. Tiba inayokubalika ni kuchanganya miti: mberoshi mweupe (Abies alba) ambao mzizi wake unazama, mwaloni, miti ya mepo (Acer) na mingine inayovumilia joto. Tabu ni kwamba kulungu anaipenda miti hiyo hiyo. Huruka msprusi, mara nyingi huruka hata mfagusi (Fagus), akaenda moja kwa moja kwenye mberoshi na mwaloni. Kulungu wachache tu, wakiachiwa muda, wanaweza kuurudisha msitu kwenye spishi ile ile iliyokauka.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unasoma miche kwanza, wanyama baadaye. Chini ya kila dalili, vyanzo vinaanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi. Vifaa vya kuanzia ni vichache: futi kamba, vigingi, uzi, kioo cha kukuzia na daftari.

Dalili ya 1: Kilele cha mche kimekatwa

Usimhukumu mtu kabla ya kuona jeraha. Piga goti, shika mche, sogeza jicho.

Kulungu hana meno ya mbele ya juu. Ana ufizi mgumu tu. Akitaka kichipukizi hukibana na kukivuta, kwa hiyo jeraha huwa limechanika, na upande mmoja mara nyingi hubaki nyuzi za gome zilizoning'inia. Sungura ana meno makali juu na chini. Jeraha lake ni safi, limelala mshazari kana kwamba limepita mkasi wa kupogolea, na pengine utakuta kipande kilichokatwa kimeachwa chini bila kuliwa. Ukishaziona alama hizi mbili pamoja mara moja, hutazichanganya tena.

Vyanzo, kwa mpangilio:

1. Kulungu. Angalia urefu wa jeraha. Kulungu mdogo wa Ulaya (Capreolus capreolus) hufika takriban mita 1.2. Kulungu mwekundu (Cervus elaphus) hufika takriban 1.8. Kama theluji ilikuwa imelala nzito, ongeza kina chake kabla ya kusema ni mnyama gani.

2. Sungura. Kazi yake ni ya chini, na jeraha ni la mshazari.

3. Mifugo. Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika. Kondoo, mbuzi na ng'ombe nao hawana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo jeraha lao hufanana kabisa na la kulungu. Tafuta kinyesi, sufu kwenye seng'enge, na pengo kwenye uzio wa jirani. Kuna watu wamegombana na wawindaji miaka mingi kwa ajili ya mbuzi.

4. Panya wa shambani. Hawa hawakati kilele. Huguguna gome kuzunguka shina usawa wa ardhi au chini kidogo. Alama za meno ni mikwaruzo ya milimita moja au mbili. Mche ukivutwa unang'oka kirahisi.

5. Fukusi wa misonobari (Hylobius abietis). Hupatikana pale miti ilipokatwa karibuni na ikapandwa mipya. Gome huliwa madoa madoa karibu na shina, mche unakauka ukiwa na kilele chake kizima.

6. Baridi kali ya mwisho wa msimu. Kichipukizi kipo mahali pake, kimekuwa cheusi na kulegea. Hakuna aliyekikata.

Ukishathibitisha ni kulungu, pima kabla ya kuchukua hatua. Mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla majani hayajafunguka, vuta uzi ulionyooka kupita eneo lote na ukague miche 100 ya kwanza inayogusana nao. Kwa kila mche andika spishi, na kama kilele kiling'atwa tangu msimu uliopita. Matawi ya pembeni yaache. Mche hustahimili kupoteza matawi ya pembeni kuliko tunavyodhani. Usichague miche. Jicho huvutwa na ile iliyoharibika, na hapo hesabu yote inaharibika nayo.

Kisha linganisha. Wasimamizi wa misitu ya milimani nchini Uswisi wametumia kwa miaka mingi viwango hivi vya vilele vinavyong'atwa kwa mwaka: mberoshi asilimia 9, msprusi asilimia 12, mepo asilimia 30. Juu ya hapo, spishi hiyo inaanza kupoteza miche mingi kuliko inavyoweza kumudu. Tazama tofauti iliyopo. Ukipata asilimia 20 kwa kila spishi, mepo hana shida yoyote, lakini mberoshi anaondoka. Wastani wa spishi zote ukichanganywa haukuambii kitu, nami sioni kwa nini ripoti nyingi bado huanza nao.

Marekebisho mepesi: acha matawi ya miti iliyokatwa yakiwa yamelala ovyo juu ya miche, kulungu hapendi kukanyaga mahali asipoona mguu unatua wapi. Kwa miti michache ya thamani, weka kinga ya mche mmoja mmoja, ya mita 1.2 kwa kulungu mdogo na 1.8 kwa mwekundu. Andika pia tarehe ya kuziondoa. Kinga za plastiki zilizosahaulika hukaba shina na kubaki takataka msituni.

Marekebisho ya ndani zaidi ni uwindaji uliolengwa, nao umeelezwa kwenye dalili ya 4.

Dalili ya 2: Miti mama ipo, lakini miche yake haipo kabisa

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hakuna kinachoonekana kimeharibika. Mtu anatembea msituni anaona miche ya msprusi na mfagusi imesimama vizuri, anaondoka ameridhika. Haoni kwamba mberoshi, ambao ungepaswa kuwa theluthi ya miche hiyo, haupo. Na hesabu ya vilele vilivyong'atwa haitamsaidia: mche uliomezwa wote hauna kilele cha kuhesabiwa. Asilimia inaweza hata kushuka kwa sababu walioliwa wameshaisha.

Vyanzo:

1. Miche huliwa ikiwa midogo mno. Mberoshi wa mwaka wa kwanza una urefu wa sentimita chache. Kulungu huumeza mzima pamoja na majani mengine bila kuacha kisiki.

2. Mbegu hazikuanguka. Mialoni na mifagusi haizai kwa wingi kila mwaka; kuna miaka ya neema na miaka mitupu.

3. Mbegu zililiwa. Nguruwe-mwitu, panya na ndege humaliza mbegu za mwaloni kabla hazijaota, hasa mwaka wa mavuno haba.

4. Giza au zulia la nyasi. Mbegu inaota, inakosa mwanga au nafasi, inakufa.

5. Miti mama ni michache au iko mbali. Mbegu ya mwaloni ni nzito. Isipobebwa na ndege au mnyama, huanguka pale pale.

Ukaguzi rahisi unahitaji uvumilivu kuliko fedha. Vuli, angalia chini ya mti mama kama kuna mbegu. Majira ya kuchipua, weka vigingi vinne vya mita moja ya mraba, piga magoti na hesabu vijimche, vile vyenye majani ya kwanza tu. Rudi mwisho wa kiangazi. Rudi tena baada ya baridi. Kama vilikuwepo Mei, vikawepo Septemba, na Machi havipo, giza halikuhusika. Kuna mdomo uliopita hapo wakati wa baridi.

Ukaguzi wa ndani ni jozi za ploti, na kama utafanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu, fanya hiki. Chagua mahali pawili pa karibu, penye mwanga na udongo ule ule, kila mahali pawe mita 5 kwa 5 au zaidi. Mahali pa kwanza pazungushie uzio, pa pili weka vigingi tu. Rusha sarafu kuamua papi pawekewe uzio, usije ukachagua pale penye miche mizuri bila kujua. Ukishuku sungura, ongeza ploti ya tatu yenye uzio ulioinuliwa chini kidogo, unaomzuia kulungu na kumruhusu sungura apite. Subiri miaka mitatu, kisha soma:

- Ndani pamejaa, nje patupu: ni kulungu.
- Ndani na nje patupu: ni mwanga, mbegu au udongo. Kupunguza wanyama hakutasaidia kitu kwa sasa.
- Ndani mna spishi tano, nje spishi mbili, na idadi ya miche inalingana: ni kulungu pia, na hili ndilo jibu linalopuuzwa zaidi. Nje panaonekana pazima. Lakini ni pazima kwa msitu wa jana.

Jozi hizi zina faida nyingine. Mwenye msitu na mwindaji wanaweza kusimama mbele yake pamoja, na mabishano yakapungua. Jimbo la Bavaria, Ujerumani, hukagua miche ya misitu yake kila miaka mitatu tangu 1986, na idadi ya wanyama wa kuvunwa hupangwa kwa kuzingatia hali ya miche hiyo. Kanuni ni kwamba mti ndiye shahidi.

Simama hapa: ukigundua tatizo ni mwanga, usianze kukata miti mikubwa mwenyewe. Kufungua msitu ghafla huleta nyasi, upepo na ukavu. Na misprusi iliyokufa kwa mbawakawa hudondosha matawi na vilele bila kutoa sauti. Mwite bwana misitu aamue ukubwa wa pengo, na mkataji mwenye mafunzo aingie na msumeno.

Dalili ya 3: Magome yameambuliwa

Tenganisha kwanza kusugua na kuambua. Kijiti chembamba kilichochubuliwa upande mmoja au pande zote, matawi yamevunjika na gome limebaki likining'inia, ni dume aliyesugua pembe. Kulungu mdogo hufanya hivyo kuanzia mwanzo wa majira ya kuchipua anapovua ngozi laini ya pembe, na huendelea kiangazi kizima akiweka mipaka yake. Kulungu mwekundu huvua ngozi hiyo mwezi wa Julai na Agosti. Kusugua kunaudhi, ila huharibu miti michache. Huwa kwenye spishi ngeni au adimu. Ukipanda mti mmoja tofauti katikati ya mia, tegemea huo ndio utakaochaguliwa.

Kuambua ni jambo jingine. Mnyama anakula gome lenyewe. Wakati wa baridi gome limeshikamana, kwa hiyo utaona mifereji ya meno. Kiangazi utomvu unapanda, gome linabanduka vipande virefu, na kidonda ni kikubwa zaidi. Kulungu mdogo haambui. Ukiona kuambua, tafuta kulungu mwekundu, au jamaa zake wakubwa kama sika.

Vyanzo vya kawaida:

1. Usumbufu. Kulungu mwekundu hucheua, na anahitaji kutoka kula mara kadhaa kwa siku. Akiwindwa kila wiki, akipitiwa na mbwa na baiskeli alfajiri na jioni, atajificha kwenye kichaka cha miti michanga mchana kutwa. Humo hakuna majani. Kuna magome.

2. Wamekusanyika mno mahali pamoja, mara nyingi kuzunguka kituo cha kuwalishia wakati wa baridi. Chakula kinachowekwa kwa huruma huvuta wanyama wa bonde zima, na miti ya jirani ndiyo inayolipa.

3. Wamezidi kwa jumla.

Ukaguzi: chora ramani ya miti iliyoambuliwa, kisha weka alama za vituo vya kulisha, njia za watu na madungu ya wawindaji. Ukiona duara la uharibifu kuzunguka kituo, chanzo umekipata. Ukiona uharibifu ndani ya vichaka vilivyo mbali na kila kitu, fikiria usumbufu.

Marekebisho: tenga maeneo tulivu yenye majani ambako hakuna anayewinda wala kupita nje ya njia, na uwinde kwa vipindi vifupi vyenye pumziko refu katikati. Ulishaji usikomeshwe katikati ya baridi. Wanyama waliouzoea watahamia kwenye magome wote kwa pamoja. Mpango wa kuuacha hupangwa kiangazi, pamoja na ofisa wanyamapori.

Msprusi ulioambuliwa haufi mara moja. Kuvu (Stereum sanguinolentum) huingia kidondani na kuozesha mti kwenda juu, hadi dhoruba au theluji iuvunje pale pale kwenye jeraha. Miti ya namna hii ikiwa kando ya barabara au njia, aitwe mkaguzi wa miti. Kugonga shina na kusikiliza mlio hakutoshi kwa mti ambao ukianguka unaweza kumwangukia mtu.

Dalili ya 4: Tunawinda sana, hali ni ile ile

1. Madume ndiyo yanayouawa. Hiki ndicho chanzo cha kwanza, na kinatokana na tamaa ya pembe. Dume mmoja hupanda majike wengi. Chukua kundi la kulungu wekundu 60, nusu kwa nusu. Ua madume 20, na mwaka ujao majike 30 watazaa kama kawaida, kila mmoja ndama wake. Ua majike 15 na ndama wao, uzazi unashuka nusu. Kwa kulungu mdogo hesabu ni kali zaidi kwa sababu jike huzaa pacha mara nyingi. Fungua daftari la miaka mitatu: kati ya kila kumi waliouawa, majike na watoto walikuwa wangapi? Kama hawafiki nusu, unaweza kuacha kusoma vyanzo vilivyobaki hadi urekebishe hili.

2. Idadi imekadiriwa chini. Mwaka 1950 huko Kalø, Denmark, iliamuliwa kuondoa kulungu wadogo wote kwenye msitu uliofahamika vizuri. Makadirio yalikuwa takriban 70. Waliouawa walifika 213. Kamera za mtego, droni yenye kamera ya joto na hesabu ya mavi hukuonyesha kama idadi inapanda au kushuka. Usiziombe namba kamili. Anayekwambia "tuna kulungu 84" muulize miche inasemaje.

3. Risasi zimetawanywa. Kuua wanyama kumi kwenye hekta elfu hakuonekani. Kuua kumi hao hao kuzunguka mapengo yenye miche ya mialoni na miberoshi kunaonekana. Hamisha madungu yawe karibu na miche, na ukubali kwamba kwingineko wanyama wataachwa kwa miaka kadhaa.

4. Wamejifunza. Mnyama aliyewindwa kwa mtindo ule ule kila Jumamosi jioni hatoki Jumamosi jioni.

5. Baridi haiui tena kama zamani. Milimani na kaskazini, theluji fupi huwaacha hai wanyama dhaifu ambao wangekufa. Miaka ya mbegu nyingi humnenepesha nguruwe-mwitu, naye hujaza msitu haraka. Lakini joto halimnufaishi kila mnyama. Kulungu mdogo hupandana Julai na Agosti, kisha kiinitete husimama kukua hadi katikati ya baridi, ili mtoto azaliwe Mei au Juni. Ratiba hiyo hufuata urefu wa mchana. Katika msitu wa Trois-Fontaines, Ufaransa, watafiti waliofuatilia wanyama tangu 1985 waliona majira ya kuchipua yakisogea mapema huku tarehe za kuzaliwa zikibaki pale pale, na watoto wengi wakikosa majani laini ya mwanzo. Kwa hiyo mgawo wa kuvuna wa miaka kumi iliyopita usiurudie kwa mazoea, uwe wa kupanda au wa kushuka.

6. Majirani. Kulungu mwekundu hana habari na mipaka ya shamba. Jirani akihifadhi majike, wewe unavuna watoto wao. Hapa hakuna dawa isipokuwa mpango mmoja wa bonde zima.

7. Haraka yako. Mberoshi kivulini unaweza kuchukua miaka 10 au zaidi kuvuka mdomo wa kulungu. Usitafute urefu mwaka wa pili. Tafuta asilimia ya vilele vilivyong'atwa. Ndiyo hushuka kwanza. Creag Meagaidh huko Uskoti ilinunuliwa kwa ajili ya uhifadhi mwaka 1985, kulungu wakapunguzwa bila kuzungushia uzio, na leo mibetula imepanda milima iliyokuwa mitupu. Kazi hiyo ilihesabiwa kwa miongo.

Kuhusu mbwa mwitu na linksi (paka-mwitu mkubwa): wanasaidia, hasa kwa kuwafanya kulungu wasitulie mahali pamoja. Tangu mbwa mwitu warudishwe Yellowstone, Marekani, mwaka 1995, mierebi imepona sehemu fulani na kubaki midogo sehemu nyingine. Uamuzi wa kuwarejesha ni wa nchi, na miche yako inahitaji jibu mwaka huu.

Simama hapa: uwindaji ni kazi ya mwenye leseni, ndani ya msimu na mgawo ulioidhinishwa. Ukiona mgawo hautoshi, peleka hesabu ya miche na picha za ploti kwa mamlaka ya uwindaji uombe uongezwe, usijiongezee. Jike mwenye ndama anayemtegemea haguswi kabla ya ndama wake. Ujerumani kumuua mama huyo ni kosa la jinai, na hata pasipo sheria hiyo, ndama anabaki kufa njaa. Usiku, karibu na njia za watu, au pasipo kilima au mteremko wa kuipokea risasi nyuma ya mnyama, hakuna mche unaostahili risasi hiyo.

Dalili ya 5: Uzio upo, na kulungu wako ndani

Tembea uzio mzima kwa miguu, usitazame kutoka kwenye gari. Kwa kawaida utakuta mti ulioangukia waya, shimo alilochimba nguruwe-mwitu chini, geti lililoachwa wazi, au theluji iliyojikusanya ikawa ngazi. Mara chache tatizo ni urefu: mita 1.5 humtosha kulungu mdogo, mwekundu anataka 1.8 hadi 2.

Watoe kabla ya kuziba. Kulungu aliyefungiwa ndani atamaliza miche haraka kuliko wote walio nje. Fungua pembe mbili, watu wachache watembee taratibu wakimsogeza. Ukimkimbiza atajigonga.

Mnyama aliyenasa kwenye waya usimkaribie. Teke la kulungu mwekundu huvunja mfupa. Mwite ofisa wanyamapori.

Na kumbuka uzio hauondoi njaa, unaihamishia nje. Hekta ulizofunga ni hekta za malisho walizopoteza wanyama wale wale. Uskoti imejifunza hasara nyingine: ndege wazito kama capercaillie hujigonga kwenye waya na kufa, kwa hiyo uzio huko hutiwa alama za mbao zinazoonekana, au huondolewa kabisa.

Dalili ya 6: Kulungu wamepungua kweli, miche bado haioti

Hapa msitu unabeba kumbukumbu. Pennsylvania, Marekani, majaribio yaliyofanywa kwa miaka kumi kuanzia karibu mwaka 1980 yaliweka kulungu wenye mkia mweupe kwa viwango vinne, kutoka takriban 4 hadi 25 kwa kilomita ya mraba. Kadiri walivyozidi, spishi za miche zilipungua na feni (kangaga) na nyasi ambazo kulungu hazitaki zikatanda. Zulia la feni likishafunga, linatia giza miche hata baada ya kulungu kuondoka.

Angalia hivi: ukisimama, unaona udongo? Kama huoni, ondoa feni au nyasi kwenye vipande vidogo na usubiri msimu mmoja wa mbegu. Nguruwe-mwitu waliofukua wakati mwingine hukufanyia kazi hii bure. Kama udongo unaonekana na bado hakuna kitu, rudi kwenye vyanzo vya 2 hadi 5 vya dalili ya 2. Ikibainika miti mama imekwisha, panda, na uombe ushauri wa bwana misitu kuhusu asili ya mbegu, kwani mbegu ya eneo la joto zaidi inaweza kufaa kwa miaka 80 ijayo lakini ikaungua na baridi ya mwaka huu.

Dawa za kuua feni zisinyunyizwe na asiye na kibali. Karibu na maji zisinyunyizwe kabisa.

Dalili ya 7: Mnyama amekonda, anayumba, haogopi watu

Hapa hakuna ukaguzi rahisi wa kufanya mwenyewe. Katika Amerika Kaskazini, na Norway tangu 2016, hali hiyo inaweza kuwa ugonjwa sugu wa kukondesha kulungu, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Viini vyake hudumu ardhini kwa miaka. Nguruwe-mwitu kadhaa waliokufa mahali pamoja huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika. Haiwapati watu, lakini husafiri kwenye viatu na matairi hadi kwenye mazizi.

Usimguse, usimkate, usimhamishe, usile nyama yake. Andika mahali na saa, piga picha kwa mbali, zuia mbwa, piga simu kwa daktari wa mifugo wa serikali au mamlaka ya wanyamapori. Kama ulishakanyaga eneo hilo, osha viatu kwa dawa kabla ya kwenda penye mifugo, na ukifika nyumbani kagua mwili mzima kwa kupe. Kupe akiacha duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, au ukishikwa na homa katika wiki zinazofuata, nenda hospitali na umweleze daktari kwamba ulikuwa msituni.